Kususia mabasi ya Montgomery, 1955–1956: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukitaja harakati za haki za Wamarekani Weusi, wengi wetu hukumbuka picha mbili: mama aliyeketi kwenye basi, na mchungaji anayehutubia umati Washington. Kinachorukwa ni siku 381 ambazo Weusi wa mji mmoja wa jimbo la Alabama walikaa bila kupanda basi, wakavumilia, kwenye jua na kwenye mvua. Yafuatayo ni maswali ambayo wasomaji na wanafunzi huuliza zaidi. Majibu mengine ni marefu, kwa sababu hapo ndipo penye mambo.

Kwa nini unasema "kususia" na si "mgomo wa mabasi"?

Mgomo wa mabasi sisi tunaujua: madereva wameegesha magari, abiria wamejaa vituoni wakilaani. Montgomery ilikuwa kinyume chake. Madereva walikuwa kwenye usukani, mabasi yakapita kwa ratiba, viti vitupu. Abiria ndio walioyasusa, kama mtu anavyosusa chakula cha anayemsimanga.

Ndani ya mabasi hayo hali ilikuwaje hasa?

Basi lilikuwa na viti 36. Viti 10 vya mbele vilikuwa vya Wazungu, hata kama ndani hamna Mzungu hata mmoja. Mweusi alisimama mbele ya kiti kitupu mpaka afike aendako. Viti 10 vya nyuma vilikuwa vya Weusi. Vile 16 vya katikati ndivyo vilivyoleta balaa: Mweusi aliweza kuketi hapo hadi Mzungu avitake, na mwenye kuamua mpaka uko safu ya ngapi alikuwa dereva. Na kwa kuwa Mweusi na Mzungu hawakuruhusiwa kukaa safu moja, Mzungu mmoja akikosa kiti waliinuka watu wanne.

Madereva wote walikuwa Wazungu, na kanuni za jiji ziliwapa mamlaka kama ya polisi wawapo kazini. Abiria je? Takriban robo tatu walikuwa Weusi. Yaani waliodhalilishwa ndio waliokuwa wakiilisha kampuni. Shika jambo hilo, maana hesabu yote ya baadaye inaanzia hapo.

Kulikuwa pia na mchezo wa mlango. Mweusi alipanda mbele, akatumbukiza senti zake 10, akashuka, akazunguka kupandia mlango wa nyuma. Wakati mwingine dereva aliondoa gari kabla hajafika. Georgia Gilmore, mpishi, yalimkuta hayo Oktoba 1955. Akaapa kutopanda tena. Alianza kususia peke yake, miezi miwili kabla ya mji mzima.

Ni kweli Rosa Parks alikataa kuinuka kwa sababu alikuwa amechoka na kazi?

Hadithi hii haifi. Imejengwa ili aonekane mama mpole asiyejua siasa, aliyechoka miguu jioni moja, na historia ikabadilika kwa bahati. Parks alikuwa na miaka 42. Alifanya kazi chumba cha mafundi nguo katika duka kubwa la Montgomery Fair, lakini pia alikuwa katibu wa tawi la NAACP, chama cha kupigania haki za Weusi, tangu 1943. Kazi hiyo ilimpeleka vijijini kuchukua maelezo ya wanawake Weusi waliobakwa na Wazungu, kesi ambazo mahakama hazikutaka hata kuzisikia. Kiangazi cha 1955 alihudhuria mafunzo ya wanaharakati katika shule ya Highlander, Tennessee. Agosti mwaka huohuo mvulana wa miaka 14, Emmett Till, aliuawa Mississippi na wauaji wakaachiwa. Siku nne kabla ya kukamatwa, Parks alikuwa mkutanini akisikiliza habari za mauaji hayo.

Dereva naye hakuwa mgeni kwake. James Blake ndiye aliyemshusha mwaka 1943 kwa sababu alikataa kuzungukia mlango wa nyuma, na tangu hapo Parks alikuwa akiyakwepa mabasi yake. Alhamisi ya tarehe 1 Desemba 1955 hakuangalia ni nani yuko kwenye usukani. Walipoamriwa kuinuka, wenzake watatu waliinuka. Yeye akasogea dirishani. Baadaye alieleza kwamba uchovu pekee aliokuwa nao ni wa kukubali kuonewa.

Wapo wanaokwenda upande wa pili wakadai kwamba alitumwa. Hapana. Hakupanga kukamatwa siku ile. Kilichokuwa tayari ni yeye mwenyewe, na watu waliomzunguka.

Alikuwa wa kwanza?

Hapana. Tarehe 2 Machi 1955 msichana wa shule wa miaka 15, Claudette Colvin, alikataa kuinuka, akaburutwa na polisi nje ya basi. Oktoba akafuata Mary Louise Smith, miaka 18. Aurelia Browder na Susie McDonald nao walikuwa na mashtaka yao dhidi ya mabasi.

Kwa nini basi mji haukususia kwa ajili ya Colvin? Kuna sababu ya kisheria: kesi yake ilipokatiwa rufaa, shtaka la kuvunja sheria ya utengano liliondolewa, likabaki la kumshambulia polisi, kwa hiyo hapakuwa na sheria ya utengano ya kupinga mbele ya rufaa. Na kuna sababu ambayo haipendezi. Alikuwa mdogo, mkali wa maneno, mtoto wa familia maskini, na baadaye akapata mimba. Wazee wa mji walihofia magazeti yatamchambua. Binafsi naona walihesabu vizuri kisiasa na walimkosea kama mtoto. Yote mawili ni kweli, na sioni haja ya kuyapatanisha.

Nani aliitisha kususia? Martin Luther King?

King siku hiyo hakuwa na habari. Aliyeitisha ni mwalimu wa Kiingereza wa Chuo cha Alabama State, Jo Ann Robinson, pamoja na wanawake wenzake wa Baraza la Siasa la Wanawake. Baraza hilo lilianzishwa mwaka 1946 na Mary Fair Burks, na wengi wa wanachama walikuwa walimu. Tarehe 21 Mei 1954, siku nne baada ya Mahakama ya Juu kuharamisha utengano mashuleni, Robinson alimwandikia meya W. A. Gayle barua ya adabu sana yenye onyo ndani yake: abiria Weusi wakiamua kuacha mabasi, mabasi hayataweza kuendelea. Meya hakujali. Mwaka mmoja na nusu baadaye wazo hilo lilikuwa bado liko kabatini, linasubiri siku.

Usiku ule Parks alipotolewa kwa dhamana, wakili kijana Fred Gray alimweleza Robinson yaliyotokea. Robinson akaenda chuoni usiku wa manane, na kwa msaada wa mwalimu mwenzake na wanafunzi wawili wakawasha mashine ya kudurufu. Hadi alfajiri walikuwa na makumi ya maelfu ya vipeperushi: Jumatatu msipande basi. Asubuhi Robinson alifundisha kipindi chake kama kawaida, kisha vipeperushi vikapita mashuleni, saluni, vinyozi, madukani na vilabuni. Chuo kilikuwa cha serikali, na karatasi ile ilikuwa ya serikali. Kwa hiyo jina lake halikuandikwa popote, na ndiyo maana wengi bado hawamjui.

Aliyemtoa Parks kwa dhamana ni E. D. Nixon, mhudumu wa mabehewa ya kulala kwenye treni na mzee wa vyama vya wafanyakazi. Yeye ndiye aliyeanza kuwapigia simu wachungaji, kwa sababu makanisa yalikuwa na kumbi, na kumbi zile hazikuwa za Mzungu.

King aliingiaje basi?

Jumatatu, 5 Desemba, Parks alitozwa faini ya dola 10 na gharama za kesi dola 4. Mabasi yalipita matupu. Mchana viongozi wakaunda Jumuiya ya Maendeleo ya Montgomery, wakamchagua mwenyekiti mchungaji wa kanisa la Dexter Avenue: miaka 26, hajamaliza miaka miwili mjini. Ugeni wake ulikuwa sifa. Hakuwa ameshagombana na kambi yoyote, na mambo yakiharibika angeweza kuhamia mji mwingine. Jioni maelfu ya watu walijaa ndani na nje ya kanisa la Holt Street, na hapo ndipo walipogundua kwamba kijana waliyemchagua anajua kusema.

Walidai utengano ufutwe?

Swali hili huwashangaza wengi, maana jibu la mwanzo ni hapana. Walidai mambo matatu: madereva wawe na adabu, anayewahi akae, Weusi wakianzia nyuma na Wazungu mbele, bila mtu kuinuliwa, na madereva Weusi waajiriwe kwenye njia za mitaa ya Weusi. Mfumo wa aina hiyo tayari ulikuwa ukitumika Mobile, mji mwingine wa Alabama hiyohiyo. Jiji na kampuni wakakataa hata hilo. Kwa ukaidi wao wenyewe waliwafanya watu walioomba nusu mkate waende mahakamani kudai mkate mzima.

Watu wapatao 40,000 walifikaje kazini kila siku kwa zaidi ya mwaka?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na ndilo linaloulizwa mara chache kuliko yote.

Kwanza walitegemea teksi. Madereva wa teksi Weusi walikubali kutoza senti 10, sawa na nauli ya basi. Jiji likafufua kanuni inayosema nauli ya chini ya teksi ni senti 45. Njia hiyo ikafungwa ndani ya siku chache.

King akampigia simu mchungaji T. J. Jemison wa Baton Rouge, Louisiana, ambako Weusi walikuwa wamesusia mabasi Juni 1953 kwa siku chache. Jemison akampa siri: magari ya watu binafsi, kwa zamu. Montgomery wakakusanya magari yapatayo 300. Waliopanga njia walisaidiwa na wapeleka barua Weusi, kwani nani mwingine anajua kila kichochoro cha mji? Vikawekwa vituo zaidi ya 40 vya kuchukulia watu asubuhi, na kituo kikuu katikati ya mji kwenye uwanja wa kuegesha magari uliomilikiwa na Mweusi. Palikuwa na msimamizi wa zamu, ratiba, fundi wa magari na hesabu za mafuta. Mtu aliyewahi kuona stendi ya daladala au steji ya matatu saa kumi na mbili asubuhi ataelewa ugumu wake. Tofauti ni kwamba hapa hakuna aliyelipishwa nauli, maana kutoza nauli kungewapa polisi sababu ya kuwakamata kwa kuendesha teksi bila leseni.

Makanisa yalinunua magari marefu ya familia, yenye viti hadi nyuma, yakaandikwa majina ya makanisa ubavuni. Jiji lilipobana kampuni za bima mpaka zikafuta bima zote, wakala mmoja Mweusi wa Atlanta, T. M. Alexander, aliipata bima London, kwenye soko la Lloyd's. Polisi walisimamisha magari kwa kosa lolote. King mwenyewe alifungwa mara ya kwanza maishani mwake, Januari 1956, kwa kuendesha maili 30 kwa saa palipoandikwa 25.

Na wengi walitembea tu. Wafanyakazi wa ndani walikuwa sehemu kubwa ya abiria wa zamani, na hapo kukatokea kichekesho: mabibi wa Kizungu waliwafuata wapishi na yaya wao kwa magari, kwa sababu bila wao chakula hakipikwi. Meya aliwasihi hadharani waache. Hawakuacha.

Fedha zilitoka wapi?

Mikutano ya kanisani ilifanyika kila wiki, na sahani ilipitishwa. Baadaye michango ilitoka kote Marekani na hata nje. Lakini mchango ninaoupenda ni wa Georgia Gilmore, yule mpishi. Aliwakusanya wanawake wenzake, wakapika kuku, mikate ya viazi vitamu na keki, wakauza mitaani, saluni, hata kwa Wazungu. Kundi lao waliliita klabu isiyotoka popote. Akisimama kanisani kutoa hesabu na mtu akauliza fedha hizi ni za nani, jibu ni kwamba hazikutoka popote, na hivyo hakuna mpishi aliyefukuzwa kazi kwa kuchangia. Gilmore mwenyewe alifukuzwa baada ya kutoa ushahidi kwenye kesi ya King, Machi 1956. Akageuza jiko la nyumbani kwake kuwa mgahawa, na viongozi wakawa wanakutania hapo.

Wazungu wa mji walijibu vipi?

Meya na wenzake walijiunga na Baraza la Raia Wazungu, kundi la watetezi wa utengano, wakatangaza kwamba hakuna mazungumzo tena. Tarehe 30 Januari 1956 nyumba ya King ilitupiwa bomu, mke wake Coretta na binti yao mchanga wakiwa ndani, hawakuumia. Siku mbili baadaye ikafuata nyumba ya Nixon. Februari watu 89 walishtakiwa kwa sheria ya mwaka 1921 iliyokataza kususia biashara. Badala ya kusubiri kukamatwa, watuhumiwa walivaa nguo za Jumapili wakajipeleka wenyewe kituoni, wengine wakilalamika majina yao hayamo kwenye orodha. Kwa watu waliolelewa kuogopa jela ya Alabama kuliko moto, siku hiyo jela iliishiwa nguvu.

Wazungu hawakuwa wa aina moja, hata hivyo. Wakili Clifford Durr na mkewe Virginia walikwenda na Nixon kumtoa Parks. Mchungaji Robert Graetz, Mzungu aliyehudumia kanisa la Kilutheri la Weusi, aliendesha gari kwenye zamu za kila asubuhi. Nyumba yake nayo ililipuliwa.

Kampuni yenyewe, iliyokuwa mali ya wawekezaji wa Chicago, ilipoteza fedha, ikapandisha nauli hadi senti 15, na Aprili 1956 ikawa tayari kuacha utengano. Jiji ndilo lililokimbilia mahakama ya jimbo kuizuia.

Mwisho wake ulikuwa nini: miguu au mahakama?

Kesi ya Parks ilikwama mahakama za Alabama. Kwa hiyo tarehe 1 Februari 1956 Fred Gray, ambaye alikuwa ametimiza miaka 25 tu Desemba iliyopita, alifungua kesi nyingine mahakama ya shirikisho. Walalamikaji waliofika nayo mwisho ni wanawake wanne: Aurelia Browder, Susie McDonald, Mary Louise Smith na yule Claudette Colvin. Wa tano alitishwa akajitoa. Colvin alitoa ushahidi akiwa na miaka 16.

Juni majaji wawili kati ya watatu walisema utengano kwenye mabasi unavunja Katiba. Jiji likakata rufaa. Tarehe 13 Novemba King alikuwa mahakamani Montgomery, jiji likiomba amri ya kuyapiga marufuku magari ya zamu, na ilikuwa wazi litaipata. Wakati wa mapumziko mwandishi wa habari akamkabidhi karatasi: Mahakama ya Juu ya Marekani imethibitisha hukumu. Siku hiyohiyo magari ya zamu yakapigwa marufuku kweli. Hati ya Mahakama ya Juu ilichukua zaidi ya wiki tano kufika mjini, na wiki zote hizo watu walitembea bila magari, wakiwa wameshashinda. Ilifika 20 Desemba 1956. Kesho yake wakapanda, wakakaa popote.

Kwa hiyo, miguu au mahakama? Majaji wangeweza kuamua vivyo hivyo hata mji usingesusia. Lakini mwaka ule wa kutembea ndio uliowafanya wanawake wanne kusimama kizimbani wakijua mji mzima uko nyuma yao.

Baada ya hapo mambo yakatulia?

Hapana. Wiki ileile mabasi yalianza kupigwa risasi, na tarehe 28 Desemba mwanamke mjamzito alijeruhiwa miguu akiwa ndani ya basi. Januari 1957 makanisa manne na nyumba mbili za wachungaji zililipuliwa usiku mmoja. Utengano katika migahawa na mahoteli ulingoja sheria ya 1964, na haki ya kupiga kura sheria ya 1965.

Rosa Parks alipata nini?

Januari 1956 alipoteza kazi. Mumewe Raymond, kinyozi, naye akaacha yake. Vitisho kwa simu havikukoma, na mwaka 1957 wakahamia Detroit, ambako kwa miaka walihangaika kutafuta riziki. Mwaka 1965 mbunge John Conyers alimwajiri ofisini kwake, akabaki hapo hadi 1988. Heshima kubwa zilikuja uzeeni. Alifariki 24 Oktoba 2005, na jeneza lake liliwekwa chini ya kuba la Bunge la Marekani. Mwanamke wa kwanza kupewa heshima hiyo. Colvin alisubiri hadi 2021 ndipo mahakama ikafuta rekodi ya shtaka lake la utotoni.

Kuna uhusiano wowote na Afrika Mashariki?

Upo, na si wa kubahatisha. Mei 1959 shirika lililoanzishwa na King baada ya Montgomery lilimwandalia Tom Mboya chakula cha jioni Atlanta, wakati Mboya akitafuta nafasi za masomo kwa vijana wa Kenya. Kanisa la Dexter Avenue lilisaidia kumsomesha mwanafunzi mmoja Mkenya chuoni Tuskegee, Alabama hukohuko. Thurgood Marshall, aliyeongoza mawakili wa NAACP katika kesi iliyoharamisha utengano mashuleni, alikwenda London mwaka 1960 kuwashauri wajumbe wa Kiafrika kwenye mazungumzo ya katiba ya Kenya, akaandika rasimu ya sura ya haki za binadamu. Kazi ngumu humo ilikuwa kulinda haki za walio wachache, na wachache wenyewe safari hii walikuwa Wazungu na Wahindi.

Na Desemba 1963 Oginga Odinga alipopita Atlanta, vijana wa harakati walitoka kumwona hotelini wakaingia mgahawa wa jirani. Walinyimwa huduma. Kenya ilikuwa imepata uhuru mwezi huohuo.

Basi lenyewe liko wapi?

Namba yake ni 2857. Lilipostaafu lilikaa shambani karibu miaka 30, likitumika kama stoo ya mbao na vifaa. Mwaka 2001 jumba la makumbusho la Henry Ford, Dearborn, Michigan, lililinunua mnadani kwa dola 492,000 na kulikarabati. Wageni huruhusiwa kupanda ndani. Unapandia mlango wa mbele.